Kutoka Buchani hadi Kibanjani: Namna ya Kutambua Viungo vya Asili Moja

Nenda bucha yoyote ya Nkwenda, wilayani Kyerwa, asubuhi, kabla shoka halijaanza kazi, uombe mguu wa mbele wa mbuzi ukiwa mzima, kuanzia begani hadi kwatoni. Muuzaji atashangaa kidogo kwa nini hutaki ukatwe. Ukifika nyumbani uulaze mezani kando ya mkono wako mwenyewe, kisha uhesabu viungio kutoka juu kwenda chini. Ukianzia chini utapotea, na wengi hupotea hapo.

Chini ya bega kuna mfupa mmoja mnene. Wewe pia unao mmoja. Mfupa huo unaishia kwenye kiwiko, ila kiwiko cha mbuzi kiko juu sana, karibu na kifua, na kimefunikwa na nyama. Kutoka hapo wewe una mifupa miwili ya kigasha. Mbuzi naye anayo, lakini mmoja umepungua ukashikamana na mwenzake, ikabaki ncha yake ya juu inayochomoza nyuma ya kiwiko. Kisha unafika mahali ambapo kila mtu hupaita goti la mbele. Hapo si gotini. Paguse: utakuta vifupa vidogo vidogo vimepangana, vile vile kama kwenye kifundo cha mkono wako. Mbuzi anayepiga magoti ili afikie nyasi fupi anakunja vifundo vya mikono.

Chini ya kifundo kuna mfupa mmoja mrefu, nao ni mifupa miwili ya kiganja, wa kidole cha tatu na wa cha nne, iliyoungana. Kwato mbili ni kucha za vidole hivyo. Vikwato viwili vidogo vinavyoning'inia nyuma ni masalia ya kidole cha pili na cha tano. Gumba halipo kabisa. Kama wewe ni mpenzi wa makongoro, ng'ombe atakuonyesha jambo hili vizuri zaidi: mfupa wake wa kiganja una mfereji mwembamba unaoshuka mbele, na ncha yake ya chini ina vichwa viwili. Ukipasuliwa kwa urefu, ndani utakuta alama ya ukuta mwembamba uliokuwa ukitenganisha uboho wa mfupa mmoja na wa mwingine.

Sasa chukua kipapatio cha kuku. Sehemu ya kwanza ina mfupa mmoja, ya pili ina miwili, na ncha ni mkusanyiko wa vifupa vilivyoungana, pamoja na kidole kifupi kinachochomoza mbele. Mpangilio ni ule ule: mmoja, miwili, vifupa vya kifundo, vidole. Mkono wako hushika jembe, mguu wa mbuzi hutembea, kipapatio hupiga hewa. Kazi ni tatu tofauti, lakini mifupa imepangwa kwa utaratibu mmoja. Wanabiolojia huuita uhusiano huo homolojia: viungo viwili ni homologasi kama vimerithiwa, pamoja na mabadiliko yote yaliyopita, kutoka kwa kiungo kimoja cha babu mmoja wa zamani.

Neno hili lilianza kutumika kabla ya hoja ya babu mmoja. Richard Owen, mwanaanatomia wa Uingereza, alilifafanua mwaka 1843 kuwa ni kiungo kile kile katika wanyama tofauti, hata umbo na kazi vikibadilika namna gani. Kwa maoni yake sababu ya mfanano huo ilikuwa ramani moja iliyokuwa katika nia ya Muumba. Charles Darwin alikuja mwaka 1859 akauchukua ushahidi ule ule wa mifupa na kuueleza kwa uzao. Nalitaja hili kwa ajili ya msomaji atakayeupeleka mguu wa mbuzi mezani nyumbani kwa mchungaji au katekista: mifupa yenyewe haina mgogoro, kila mtu anaweza kuihesabu. Ubishi ulikuwa juu ya sababu. Mwaka 1870 Ray Lankester alipendekeza maneno mapya ili kutofautisha mfanano wa kurithi na mfanano wa kujitokeza. Lile la kurithi halikushika. Dunia ikabaki na neno la Owen likiwa na maana ya Darwin.

Kosa la kwanza la kuepuka ni kusema "hivi ni homologasi" na kunyamaza. Uliza mara moja: homologasi kama nini? Chukua popo na kuku. Bawa la popo limetandazwa juu ya vidole vinne vilivyorefuka mno, na gumba lenye ukucha limebaki huru. Bawa la kuku linabebwa na manyoya, na vidole vyake vimepungua na kuungana. Babu wao wa pamoja alikuwa na miguu ya mbele, lakini hakuwa na mabawa. Kwa hiyo kipapatio na bawa la popo ni homologasi kama miguu ya mbele, na si homologasi kama mabawa. Uwezo wa kuruka kila upande uliupata peke yake. Mwanafunzi anayeandika jibu hilo kwa ukamilifu ameelewa. Anayeandika nusu yake amekariri.

Msimu wa senene ukifika, mwishoni mwa mwaka, utapata mfano ulio wazi zaidi. Unapokaa na wenzako kuwanyonyoa mabawa na miguu kabla ya kuwakaanga, chukua bawa moja ulishike kwenye mwanga. Hakuna mfupa wala kidole. Ni utando wa gamba la nje wenye mishipa myembamba. Mfanano wa bawa hilo na la kuku ni wa kazi tu, na jina lake ni analojia. Ndani kabisa, hata hivyo, mambo si mepesi hivyo. Mwaka 1995, katika maabara ya Walter Gehring huko Basel, jeni ya panya inayoongoza ujenzi wa jicho iliwashwa kwenye sehemu za mwili wa inzi zisizo na macho, na sehemu hizo zikaota macho ya inzi. Jeni hiyo ya panya na mwenzake wa inzi ni za asili moja, ingawa jicho la panya na la inzi, kama vyombo kamili vya kuonea, ni tofauti kwa kila namna. Ndiyo maana swali la "kama nini" haliepukiki. Jibu linaweza kuwa ndiyo kwenye jeni na hapana kwenye kiungo.

Basi utajuaje? Fikiri jinsi wazee wa Karagwe na Kyerwa wanavyoshughulikia ukoo. Mtu anaweza kufanana sura na marehemu baba yako na asiwe ndugu yako. Mwingine hafanani nanyi hata kidogo, kumbe ni wenu. Sura huleta dhana tu. Baada yake watu huuliza ukoo, muziro (mwiko wa ukoo), babu alitoka kijiji gani, nani alimwoa nani, na hulinganisha maneno ya watu ambao hawakupata nafasi ya kupatana. Wanajua pia kwamba upo undugu wa omukago, wa kuchanjiana damu, ambao ni wa kweli kwa heshima yake lakini haukutokana na kuzaliwa. Mwanabiolojia hufanya kazi hiyo hiyo. Adolf Remane, mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, aliipanga mwaka 1952 katika vigezo ambavyo hadi leo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Anza na mahali. Kiungo kinakaa wapi ukilinganisha na majirani zake? Hilo ndilo lililokuongoza kwenye mguu wa mbuzi: hukutazama umbo la "goti", ulihesabu kutoka begani. Kama mambo mengine yote yakikuchanganya, rudi kwenye mahali.

Halafu tazama muundo wa ndani. Pembe ya ng'ombe wa Ankole na pembe ya mbuzi zote zina kiini cha mfupa kilichovikwa gamba. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani. Jina ni moja, vitu ni viwili.

Kigezo cha tatu ni hatua za kati. Nani amesimama katikati ya mkono wenye vidole vitano na mfupa mmoja wa ng'ombe? Nguruwe ana vidole vinne, viwili vikubwa vya kukanyagia na viwili vidogo nyuma, na mifupa yake ya kiganja haijaungana. Asiyemgusa nguruwe amtazame kiboko wa Mto Kagera kwa mbali: vidole vinne, vyote vinakanyaga. Usikimbilie kusema ng'ombe ametokana na nguruwe. Hao ni binamu, ila binamu mmoja amebaki na hali ambayo mwingine ameiacha. Hatua za kati huonekana pia tumboni. Katika ndama ambaye bado ni kijusi, mifupa miwili ya kiganja imetengana kabisa, na huungana anapokua.

Hapo ongeza mtihani alioueleza Colin Patterson, mtaalamu wa visukuku wa London, mwaka 1982: vitu viwili vinavyodaiwa kuwa kiungo kimoja haviwezi kuwapo vyote kwa pamoja kwenye mwili mmoja. Malaika wa picha za kanisani ana mikono miwili na juu yake mabawa mawili. Angekuwa mnyama, basi mabawa yake yasingeweza kuwa mikono iliyogeuka, kwa sababu mikono bado ipo.

Wakati mwingine vigezo hugombana, na hapo ndipo sayansi inapokuwa tamu. Vidole vitatu vya bawa la ndege ni vipi kati ya vile vitano? Ukifuata ukuaji ndani ya yai, vinaonekana kuwa cha pili, cha tatu na cha nne. Ukifuata visukuku vya dinosaria, ambao ndege wametoka kwao, vinaonekana kuwa cha kwanza, cha pili na cha tatu. Wataalamu wamebishana kwa zaidi ya miaka 100. Ukiulizwa swali hilo darasani, usione haya kueleza pande zote mbili.

Mwalimu makini anaweza pia kukubana hivi: mnasema viungo ni homologasi kwa kuwa vina babu mmoja, kisha mnathibitisha babu mmoja kwa viungo homologasi. Si mnazunguka mbuyu? Mngezunguka, kama ushahidi ungekuwa kiungo kimoja. Njia ya kutoka ni kuanza na dhana, mfano "kipapatio na mguu wa mbuzi ni kitu kimoja", kisha kuipima kwa sifa zisizohusiana nayo: uti wa mgongo, taya, damu, jeni. Sifa nyingi zisizotegemeana zikichora mti mmoja wa uzao, dhana imepata mashahidi. Zikichora miti inayopingana, iache.

Ukishazoea mifupa, toka nje uingie kibanjani. Huko homolojia ni ngumu zaidi kuiona na, kwa maoni yangu, ina faida zaidi.

Anza na mgomba uliokwisha kuvunwa. Kata kile kinachoitwa shina kwa mkato wa kulala, halafu bandua magome moja baada ya jingine na ulifuate kila moja kwenda juu. Kila gome linaishia kwenye uti wa jani. Huo unaouita mti ni vitako vya majani vilivyoviringishana. Shina halisi liko chini ya udongo, lile tunguu linalotoa machipukizi. Linapofika wakati wa kuzaa hupandisha mhimili mweupe katikati ya magome hadi ubebe mkungu. Sasa tazama mbuni uliopandwa kando yake, kahawa na migomba vikiwa shamba moja kama ilivyo kawaida yetu. Shina la mbuni ni shina. "Shina" la mgomba ni majani. Kusimama kwao wima ni analojia tupu. Ukitaka kitu kinacholingana na gome la mgomba, nenda kwenye mahindi, ushike ala ya jani inayokumbatia bua. Hiyo ndiyo sehemu yenyewe.

Viazi havihitaji maneno mengi. Kiazi mviringo kina macho yaliyopangika, na chini ya kila jicho kuna kovu la jani dogo. Mahali penye jani na chipukizi ni shina, basi kiazi hicho ni shina lililovimba. Kiazi kitamu hakina mpangilio huo, kwa kuwa ni mzizi. Muhogo nao ni mzizi. Tangawizi ni shina.

Miiba inastahili nusu saa yako. Mwiba wa mlimau unatoka kwenye kwapa la jani, pale pale panapotoka tawi, kwa hiyo ni tawi lililobadilika. Miiba ya migunga hukaa miwili miwili kwenye kitako cha jani, mahali pa vile vijani vidogo ambavyo mimea mingi huviota hapo. Mwiba wa waridi unatoka popote kwenye ngozi ya shina, na ukiusukuma kwa kidole gumba unang'oka bila kuacha jeraha la maana. Miiba mitatu, asili tatu, na yote inachoma. Kazi haikukuambia lolote, mahali pamekuambia yote.

Mgomba una somo jingine linalomgusa mkulima mfukoni. Katika kitabu cha biolojia utakutana na maneno "kromosomu homologasi", yaani kromosomu zinazolingana, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, ambazo hukaa mbili mbili wakati wa kutengeneza mbegu za uzazi. Ndizi zetu za kupika zina seti tatu za kromosomu 11, jumla 33. Tatu hazigawanyiki mbili mbili. Mgawanyo unavurugika, mbegu hazitengenezwi, na ndiyo sababu unakula ndizi bila kutema kokwa na unapanda chipukizi badala ya mbegu.

Kupanda chipukizi ni kurudia mmea ule ule. Nshakara, Ntobe, Nyoya na Enchoncho zina majina tofauti na ladha tofauti, na mama yeyote wa Nkwenda atakueleza ipi iende chunguni na ipi isiende. Lakini uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki karibu ni mmea mmoja kijenetiki, na yaelekea zote zimetokana na mche mmoja wa kale ambao wazao wake walibadilika kidogo kidogo kwa mabadiliko ya jeni ndani ya machipukizi. Asili yake ya mbali ni migomba pori ya Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya jirani.

Ndugu wa karibu namna hiyo wana udhaifu mmoja: ugonjwa unaompata mmoja unaweza kuwapata wote. Chukua ugonjwa wa mnyauko bakteria. Ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968, si kwenye mgomba bali kwenye enseti, mmea wa familia ile ile ambao nao "shina" lake ni vitako vya majani, na Waethiopia hula sehemu hiyo. Mwaka 1974 ukaripotiwa kwenye migomba ya huko huko. Mwaka 2001 ulionekana Uganda na mashariki mwa Kongo, na mwaka 2006 ulikuwa umethibitishwa Kagera. Hakuna aina ya ndizi inayolimwa iliyoonekana kuukinza kikamilifu. Ukinzani umeonekana kwenye mgomba pori wa Asia, Musa balbisiana, ambao kwa uzao uko mbali na ndizi zetu. Kwa hiyo usidhani kuwa aina nane za ndizi za kupika kwenye kibanja kimoja ni bima dhidi ya ugonjwa huo. Katika undugu huo aina nane ni karibu na moja. Vunja ua dume kwa kijiti cha panda mara chane za mwisho zinapofunguka, safisha panga kwa jiki au moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na usikubali chipukizi la zawadi kutoka shamba usilolijua. Kama unatafuta utofauti wa kweli, waulize maofisa ugani habari za machotara, kama TARIBAN zilizoidhinishwa mwaka 2021, ambazo ukoo wake umechanganywa na migomba mingine. Machotara hayo hayazuii mnyauko bakteria, ila yanapunguza hatari ya kuweka kila kitu kwenye mmea mmoja.

Kosa la mwisho utalikuta hata kwenye maandishi ya wasomi: "jeni hizi ni homologasi kwa asilimia 80". Haiwezekani. Mtu ni wa ukoo huu au si wa ukoo huu, hakuna aliye wa ukoo kwa asilimia 80. Kinachopimwa kwa asilimia ni mfanano, yaani herufi ngapi za DNA zinalingana. Mfanano ni ushahidi, homolojia ni hukumu. Mwaka 1987 Gerald Reeck na wenzake waliandika waraka katika jarida la Cell kuomba watafiti waache matumizi hayo. Kosa halijaisha, kwa hiyo nawe likwepe: andika "zinafanana kwa asilimia 80, na kwa hiyo tunadhani ni homologasi".

Kama utafanya haya yote na bado una hamu, weka kikonyo cha robusta na cha arabika mkononi. Arabika ilitokea robusta ilipochanganyika na spishi nyingine ya kahawa pori, Coffea eugenioides, mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, na chotara yule akabeba kromosomu za pande zote mbili: 44, wakati robusta ina 22. Nusu moja ya kromosomu za arabika ina asili moja na zile za robusta ya shambani kwako kwa njia ya moja kwa moja. Nusu nyingine inapitia kwa Coffea eugenioides kwanza, ndipo inakutana na robusta kwa babu wa mbali zaidi. Jaribu kuchora mti wake wa uzao kwenye karatasi. Matawi yatakulazimisha kuyaunganisha, jambo ambalo mguu wa mbuzi haukukudai.